Riwaya ya ulimwengu pepe na kitabu cha kuchora: nilivyovisoma mwezi mmoja

Sikupanga kuvisoma pamoja. Riwaya nilipewa na mdogo wangu, ambaye tangu apate miwani ya uhalisia pepe hana habari nyingine mdomoni. Kitabu cha kuchora ni changu, nilikuwa nacho miaka, kinakula vumbi kwenye rafu, maana mwanzoni tu kinakutaka ujichore sura yako mwenyewe, na hapo ndipo nilipokuwa nakifunga.

Niianze riwaya. Ready Player One ya Ernest Cline ilitoka mwaka 2011, kabla miwani hii haijawa kitu cha kumkuta mtu nacho sebuleni. Mambo yanatokea mwaka 2045. Dunia imechakaa, na kijana yatima aitwaye Wade Watts anaishi kwenye mtaa wa nyumba-trela zilizopandishwa moja juu ya nyingine kama makontena bandarini. Watu wamehamia OASIS, ulimwengu unaouingia kwa kuvaa miwani na glavu: humo wanasoma, wanafanya kazi, wanapigana. Aliyeuunda, James Halliday, amekufa bila mrithi, akaacha fumbo la funguo tatu na milango mitatu. Atakayelifumbua anachukua utajiri wake wote na OASIS yenyewe.

Kwa mwendo, riwaya hii inakwenda. Niliifungua saa tatu usiku nikisema nionje kurasa mbili, saa nane bado ninayo. Kuna mahali Wade anashuka kaburini, anamkuta mfalme wa wafu yuko kwenye kiti cha enzi. Ukajiandaa kwa panga na damu. Kumbe lile zee linamtaka washindane Joust, gemu ya mwaka 1982 ambayo mchezaji anapaa angani akiwa amempanda mbuni! Nilicheka peke yangu.

Kilichonichosha ni majina. Wade akiingia chumbani hakwambii chumba kikoje. Anakutajia gari la filamu fulani, bango la bendi fulani, mashine ya gemu fulani. Aliyekulia mbele ya televisheni ya Marekani miaka ya themanini, picha inamjia yenyewe. Sisi wengine tunabaki na maganda. Zipo kurasa nilizopitia kama ninayesoma daftari la madeni ya mtu nisiyemjua. Mapenzi ya Wade kwa Art3mis, msichana anayekutana naye humo OASIS, nayo yana ung'ang'anizi ambao mwandishi anauona mtamu kuliko ninavyouona mimi.

Nikiwa na kero hiyo ndipo nikakivuta kile kitabu cha vumbi: Drawing on the Right Side of the Brain cha Betty Edwards, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1979. Nikakuta anazungumza jambo lile lile. Anasema anayeshindwa kuchora hana tatizo la mkono, tatizo ni kwamba anachora jina la kitu badala ya kitu. Ukimwambia achore jicho, anachora kisamaki chenye nukta katikati, kile kile alichochora akiwa mtoto, hata jicho lenyewe likiwa mbele yake linamtazama.

Dawa yake ya kwanza nilidhani ni mzaha. Anakupa mchoro wa Picasso wa mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, lakini umegeuzwa juu chini, na anakuambia uunakili hivyo hivyo bila kuugeuza. Nilifunika sehemu kubwa kwa karatasi, nikawa nautoa kidogo kidogo. Mstari unapinda, unakutana na mwingine, unaacha kipembe. Kwa nusu saa nzima sikujua ninachora nini, na mambo yalikwenda vizuri, mpaka nilipofika mahali nikajisemea, "Ah, hivi ni vidole." Basi. Kuanzia hapo vikawa ndizi. Nilipougeuza mwishoni, koti na kiti vilikaa kama vimechorwa na mtu mwingine, vidole ndivyo vilivyonisuta.

Zoezi la nafasi tupu ndilo ninalolipenda hadi leo: unaacha kiti chenyewe, unachora vipande vya hewa vilivyo katikati ya miguu yake, na kiti kinajitokeza chenyewe. Raba yangu ilipumzika siku hiyo.

Maelezo ya ubongo nayachukulia kwa tahadhari. Edwards anaegemea utafiti wa Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, kuhusu watu ambao kiungo kati ya pande mbili za ubongo wao kilikatwa. Kutoka hapo hadi kusema upande wa kulia ndio mchoraji ni kuruka mto mpana, na wanasayansi wa leo hawakubali mgawanyo mwepesi namna hiyo. Ukichoka na nadharia, ruka. Mazoezi yanasimama bila hiyo.

Riwaya nampa mpenda gemu bila kusita; asiyezipenda aanze na kurasa hamsini aone. Kitabu cha kuchora nampa yeyote mwenye penseli na saa moja ya utulivu, ila akifanye, asikisome tu.

Mdogo wangu nimemrudishia riwaya yake. Alikuwa amevaa miwani, anashikashika hewa, nikaketi kimya nikamchora. Hajui kama anatazamwa, kwa hiyo hajiweki sawa. Nafasi iliyo kati ya kiwiko na mbavu nimeipata barabara. Mikono imenishinda, haitulii.