Apu ya kamusi niliyoipima kwa neno moja tu: GOMBEA

Mimi nikidaunlodi kamusi kwenye simu siangalii idadi ya maneno wanayojisifia, nachukua neno moja la kila siku naichokonoa nalo mpaka niijue. Safari hii neno lilikuwa gombea, maana kazi yangu ni kusahihisha habari na uchaguzi ukikaribia hilo neno nakutana nalo mpaka usingizini. Jina la apu nalihifadhi. Nyota tatu kati ya tano, na moja ni ya huruma.

Kwanza kutafuta. Andika mgombea, hakuna kitu. Andika kugombea, hakuna. Mpaka uvue ku- mwenyewe ubaki na gombea ndo inafunguka. Kamusi za karatasi nazo vitenzi ziko hivyo hivyo na tumezizoea lakini jamani hii ni simu, si ingevua yenyewe tu.

Maana waliyoweka ni nzuri, kushindana na wengine ili upate kitu au cheo, na chini yake wameonyesha kwamba limetoka kwenye gomba, ukoo mmoja na gombana na gombeza. Hapo niliwapenda. Abiria wanagombea siti, watoto wanagombania rimoti, mheshimiwa anagombea ubunge, ugomvi ni uleule ila huyu wa tatu ana mabango.

Sasa shida inaanza ukitaka lugha ya watu. Tanzania mtu hasemi tu fulani anagombea, anasema kachukua fomu, na ukisikia karudisha fomu ujue yuko siriazi, na kabla ya fomu kuna watia nia, kundi zima la watu ambao bado si wagombea maana chama hakijawapitisha. Nimetafuta tia nia kwenye apu nikaletewa nia tu, "kusudio la moyoni", basi. Kenya nako magazeti yanapenda wania, mwaniaji wa ugavana, au mtu anamezea mate kiti fulani. Wania ipo, ila mfano wake ni timu kuwania kombe, siasa hawajaigusa kabisa.

Mgombea mwenza ndo wamenichekesha, wameandika "mtu anayegombea pamoja na mwingine". Mgeni anayejifunza akisoma hivyo si ataona ni wapinzani wawili wanaogombea kiti kimoja? Mwenza ni yule anayesimama na mgombea urais kwenye tiketi moja, mwenzake akishinda yeye anakuwa makamu, ama naibu rais kwa Kenya. Sentensi moja tu ya ziada ingemaliza kazi.

Na simama je? Huku mtaani swali ni "safari hii unasimama wapi?" na mtu anajibu jimbo. Lakini chama kikimsimamisha mtu inaweza kuwa kimempa nafasi agombee au kimemfungia uanachama, vitu viwili vinavyopishana kama mbingu na ardhi kwa neno hilohilo. Nishawahi kukaa na kichwa cha habari cha namna hiyo, maneno manne, nikampigia mwandishi usiku kumuuliza jamaa kapanda au kashuka. Alikuwa kashuka. Kwenye apu simamisha ina maana moja, kufanya kitu kiwe wima.

Kile kipande cha kutafsiri msikiguse. Nilikiwekea sentensi ya Kiingereza ya mtu kuwania urais (wenyewe wanatumia run, neno lilelile la kukimbia) kikanipa "anakimbia kwa rais", yaani kama kafukuzwa na mbwa.

Uzuri inafanya kazi bila bando na matangazo siyo mengi. Kuna kitufe cha kupendekeza neno, nikawaandikia watia nia na maelezo yake yote, wakajibu asante pendekezo lako linafanyiwa kazi. Hapo fomu zilikuwa hazijaanza hata kutolewa. Sasa hivi wabunge wameshaapishwa, neno bado.