Poti ya printa kwa saketi za nyumbani: ununue ipi, uache ipi

Poti ya printa ni ile soketi ya pini 25 nyuma ya kompyuta za zamani; programu yako inaweza kupandisha na kushusha volti ya pini zake, na hivyo kuwasha LED au rilei (swichi inayovutwa na umeme). Nimepanga njia nne za kufanya hivyo. Nianze na ya mwisho kwenye orodha, maana ndiyo iliyonilia hela. Ni ule waya wa USB wa kuunganishia printa za zamani, wenye soketi ya pini 25 mwisho wake. Muuzaji aliniapia kwamba "ni poti kamili, kaka". Nikafika nyumbani, nikachomeka LED zangu nane kwenye bredibodi (ubao wa kuungia saketi bila kulehemu), na kompyuta ikatangaza kwa furaha kuwa imepata printa. Hakuna LED hata moja iliyokonyeza. Chipu iliyo ndani ya waya ule inajua kuongea na printa tu, na haina anwani, yaani namba ya poti ndani ya kompyuta, ambayo programu yako inaweza kuiandikia. Kama una printa ya mwaka 1998 unakufaa. Kwa saketi, nafasi ya 4, na hapo nimeuonea huruma.

Nafasi ya 1 naipa kompyuta kuukuu ya mezani yenye poti kwenye mazabodi (bodi kuu) yenyewe. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachokaa kati yako na umeme. Kwa kawaida LPT1, yaani poti ya printa ya kwanza, iko kwenye anwani 0x378. Ukiandika 1 hapo, pini ya 2 inapanda. Ukiandika 255, pini zote za data, kuanzia ya 2 hadi ya 9, zinapanda. Pini 10 hadi 13 na ya 15 ni za kusomea swichi, na 18 hadi 25 ni graundi. Kuna ukorofi kidogo: pini ya 11 husomeka kinyume, na pini za udhibiti 1, 14 na 17 hutoa kinyume. Kila anayeanza hupoteza jioni moja hapo.

Dukani geuza mashine uangalie nyuma. Unatafuta soketi jike, yenye matundu 25, mara nyingi ya rangi ya waridi iliyokolea. Ukiona ya pini 25 zilizochomoza, hiyo ni poti ya siriali. Iache, volti zake zinaweza kukuunguzia chipu. Usinunue kwa kutazama tu, kwa sababu poti nyingi za mitumba zimekufa kutokana na waya kuchomolewa huku mashine inawaka. Mimi hubeba flashi yenye Linux, LED moja na rizista ya ohm 470. Mguu mrefu wa LED unapitia rizista kwenda pini ya 2, mguu mfupi kwenye pini ya 25, kisha programu ya mistari mitatu ya Python inaandika kwenye /dev/port kwa ruhusa ya root (msimamizi wa mashine). Isipowaka, ingia kwanza BIOS, programu ya kuamshia kompyuta yenye mipangilio yake. Huenda poti imezimwa tu. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka la pili.

Nafasi ya 2 ni kadi yenye poti ya printa, ya kuchomeka kwenye tundu la PCI au PCI Express ndani ya kompyuta ya mezani. Hakikisha unajua tundu lililopo kwenye mazabodi yako, maana kadi hizi mbili haziingiliani. Anwani yake karibu kila mara si 0x378, kwa hiyo programu ya zamani iliyokazia namba hiyo haitafanya kazi mpaka uibadilishe. Kwenye Linux amri ya lspci -v itakuonyesha anwani halisi. Ila ukiunguza, umeunguza kadi, mazabodi imesalimika. Kama wewe ni mtu wa kuunguza vitu, ipandishe nafasi ya 1.

Ya 3 ni Arduino Uno, bodi ndogo ya USB yenye pini zake unazoziandikia programu, ambayo si poti ya printa kabisa. Lakini una laptopu tu? Nunua hiyo usihangaike.

Chochote utakachochukua kati ya kompyuta na kadi, ongeza ULN2803, chipu ya kukuza mkondo, kwenye kikapu. Poti hutoa miliampea chache tu, wakati koili ya rilei ndogo ya volti 5 hutaka kama 70. Chipu hii ina njia nane, sawa na pini zako za data, na dayodi za kulinda dhidi ya teke la koili (volti inayoruka rilei inapozimwa) zimo ndani. Pini yake ya 10 iunganishe kwenye chanya ya umeme wa rilei, la sivyo dayodi hizo ni pambo. Rilei zipe umeme wa pembeni, graundi ziungane. Na usiache pampu au taa ya umeme wa nyumba imeunganishwa wakati wa kuwasha kompyuta: BIOS huchezea pini inapoamka, na rilei zitagonga ta-ta-ta kabla programu yako haijaanza.

Soketi dume ya kulehemu ikikosekana, kata kebo ya printa kuukuu. Rangi za nyaya hazina kanuni. Pima kila pini kwa mita uandike kabla hujaunga chochote.