Miezi 22 ya waya, na mwanya wangu upo

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Tanga. Meno yangu ya mbele ya chini yalipandana hata mswaki haupiti, na jino moja la juu liliingia ndani likawa linafunga nyuma ya la chini. Kila nikitafuna yanagongana, ncha ikaanza kulika. Nilikoanza walitaka waling'oe tu. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwa daktari bingwa wa kupanga meno, Upanga, Dar es Salaam.

Siku ya kwanza nilimwambia: "Daktari, mwanya wangu wa juu naomba usiuguse. Mama anao, bibi alikuwa nao." Hakuniona mshamba. Alichukua rula ndogo, akaupima, akaandika milimita 2 kwenye faili, akasema utabaki. Kwa hilo peke yake nampa nyota 5.

Kabla ya waya kuna eksirei ya taya zima, na ile dawa laini inayoganda mdomoni kuchukua umbo la meno. Kisha vipira vya buluu kati ya magego, wiki nzima, kutengeneza nafasi ya pete za chuma. Mtajiandaa kwa maumivu ya waya, lakini mimi vipira ndivyo vilivyoninyima usingizi. Kubandika vyuma vyenyewe hakuumi: gundi, taa ya buluu, jino moja moja.

Juu ya magego alinibandikia saruji ya meno nisiweze kufunga mdomo hadi meno yakutane, ili lile jino lipate njia ya kutoka. Ilikuwa wiki sita za uji, wali wa nazi na samaki. Wiki ya tano nilijitazama kwenye kioo cha wateja dukani, nikakuta jino limeshavuka mbele. Niliacha shati la watu kwenye cherehani nikampigia mama.

Mafundi wenzangu, tabia ya kukata uzi kwa meno iacheni. Iling'oa vyuma vyangu viwili. Daktari hakunifokea, alisema tu, "Dada, nunua mkasi mdogo uuvae shingoni." Bado ninao.

Mapokezi nawapa nyota 2. Tulikubaliana milioni 2 na laki 4, kwa awamu. Hakuna aliyenitajia kwamba chuma kikibanduka kinalipiwa, wala kwamba plati, kile kifaa cha kuvaa waya zikitoka ili meno yasirudi, ni laki 2 na nusu nyingine. Ulizeni hayo mapema, yaandikwe kwenye karatasi. Halafu foleni: natoka Tanga saa 12 asubuhi, nashuka stendi ya Magufuli, nafika kliniki mchana, naitwa saa 10 jioni kwa kazi ya dakika 15. Mara mbili nililala Dar bila kupanga. Wagonjwa wa mikoani wapangiwe saa zao.

Plati yenyewe siyo ya hiari, hata kama bei inauma. Jino likisukumwa, mfupa wa mbele yake huyeyuka na wa nyuma hujengwa upya. Ukiliacha mapema, kabla mfupa mpya haujakomaa, linarudi lilikotoka. Chini nimegundishiwa waya mwembamba kwa ndani, hauonekani. Ya juu naivaa usiku na kuiosha kwa maji baridi, maana ya moto huipinda. Wameitengeneza na mwanya wake: nikiiinua kwenye mwanga, nafasi ile ninaiona pale pale katikati.