Kabati la Mbao na Makasha ya Plastiki: Lipi Linafaa kwa Viatu vya Nyumba ya Unguja?

Anayehifadhi viatu vingi Unguja hupambana na hewa kwanza, halafu ndipo anapofikiria nafasi. Sokoni Darajani siku hizi yanauzwa makasha ya plastiki angavu yanayopangwa moja juu ya jengine, kila moja na mlango wake mdogo wa mbele, ili raba zionekane kama zilivyo kwenye dirisha la duka. Mwenye subira zaidi huenda kwa fundi seremala akaagiza kabati la mbao kwa vipimo vya ukuta wake. Nimeyatumia yote mawili katika nyumba ya Mji Mkongwe, masika na kiangazi, kuwekea viatu vya ngozi vya kazini, raba na makubadhi.

Kwa kuangalia tu, makasha yanashinda. Vipande vyake hufumbatana bila ya skrubu hata moja, vumbi haliingii, na mtu huchagua kiatu bila ya kufungua chochote. Anayetaka kununua achukue rula, kwa sababu kiatu cha namba 43 kina urefu wa karibu sentimita 30 kutoka ncha hadi kisigino, na kasha ambalo kwa ndani halifiki sentimita 32 humlazimisha kukilaza mshazari, jambo ambalo linaondoa uzuri wote wa maonyesho. Raba zenye shingo ndefu husugua dari la kasha, na buti hazina pa kukaa kabisa. Mnara ukipanda sana, makasha ya chini huelemewa na milango yake hukwama. Yaliyowekwa karibu na dirisha linalopigwa na jua la jioni hugeuka manjano, na rangi ya kiatu nayo hupauka.

Tatizo kubwa, hata hivyo, ni unyevu. Ukungu huota juu ya ngozi pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 70 hivi kwa muda mrefu, na katika masika, baina ya Machi na Mei, hiyo ni hali ya kawaida kwetu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunywa maji na kuyatoa polepole ndani ya chumba. Kiatu kilichovuliwa sasa hivi kina jasho lake, na ukikifungia ndani ya plastiki jasho hilo halina pa kwenda. Katika makubadhi nimeuona ukungu ukianzia kwenye tundu za mshono, pale uzi unapoingia katika ngozi, ukiwa vidoto vyeupe vyenye kijani kwa mbali, kabla ya kuenea kwenye uso laini wa ukanda. Vipakti vya silika jeli vinavyokuja na viatu vipya husaidia kwa muda tu, kwani vikishiba maji havina kazi tena mpaka vikaushwe kwa moto.

Wenye raba za kukusanya wajue jambo jengine. Soli nyingi za kati, zile zilizo baina ya soli ya chini na kiatu chenyewe, hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, na maji yaliyomo hewani huikata minyororo ya kemikali hiyo taratibu hata kama kiatu hakijavaliwa. Baada ya miaka kadhaa soli hupukutika mkononi. Kasha linalobana unyevu ndani haliizuii hali hiyo, na pengine huiharakisha.

Kabati la mbao niliagiza kwa fundi wa mjini, nikampa masharti ambayo ndiyo siri ya kazi nzima: milango ya vipapi vya mshazari kwa mtindo wa madirisha ya zamani, rafu za vipapi vilivyoachana ili hewa ipande kutoka chini hadi juu, mgongo usiogusa ukuta, miguu mirefu ya kuepuka maji ya kupiga deki, na bawaba za shaba, maana chuma hakidumu na hewa yetu ya chumvi. Mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi nilizikataa kwa kuwa huvimba zikinywa maji. Masharti yote yalitimizwa, isipokuwa muda: kabati lililoahidiwa kabla ya Idi lilifika Idi imeshapita, na vanishi ilikuwa haijakauka vizuri. Soli za raba ziliganda kwenye rafu, na zilipobanduliwa ziliacha chapa ya mistari yake yote, hata nembo ya kampuni inasomeka. Vipande vya mkeka wa ukili chini ya kila jozi vimemaliza tatizo hilo, na kusema kweli vimelipendezesha kabati kuliko vanishi yenyewe.

Masika yaliyofuata ngozi zilitoka safi, isipokuwa jozi moja iliyokuwa imesukumwa pembeni kabisa. Ndani ya viatu vya ngozi naweka karatasi nyeupe iliyokunjwakunjwa, si gazeti, kwa sababu wino wake huchafua bitana.

Kuhusu mahali pa kuliweka, nyumba za zamani zilikuwa na zidaka ukutani za kupangia sahani na vyombo vya kaure, na wapo vijana wanaotamani kuweka raba zao humo. Wazee hawatalipenda hilo, nami nipo upande wao, kwani kwetu kiatu huishia mlangoni. Kabati langu lipo ukumbini juu ya ngazi, ambapo mgeni huliona bila ya kulazimika kukaa nalo. Rafu ya juu ina taa ndogo za LED na viatu vya Idi, ya katikati viatu vya wiki, ya chini ndara za kila mtu.

Gharama ya kabati ni kubwa zaidi, na anayeishi ghorofa ya juu Michenzani, penye upepo wa kutosha, anaweza kuridhika na makasha, mradi ayatoboe tundu kwa nyuma na asivifungie viatu siku ileile aliyovivaa. Kwa nyumba za mawe nachagua kabati. Nikiagiza jengine nitaomba rafu moja inayohamishika kwa ajili ya buti, na vanishi nitaipaka mwenyewe.