Swali la 9 la kozi ya mantiki: jibu sahihi, alama nyekundu

Nilikuwa nimeshaandaa nyota nne. Kozi zote za bure nilizochukua kwenye jukwaa hili, ya huduma ya kwanza, ya mantiki, ya Kifaransa na ya kuandika programu kwa Python, zilikuwa zinakwenda vizuri mpaka nilipofika swali la 9 la jaribio la mantiki. Sasa zimebaki mbili, na hata hizo nazitoa kwa ajili ya kozi ya huduma ya kwanza.

Swali lenyewe ni hili: "Mlango unafunguka endapo tu ufunguo ni sahihi. Tumia M kwa 'mlango unafunguka' na F kwa 'ufunguo ni sahihi', kisha andika sentensi hiyo kwa alama." Una nafasi tatu za kujibu. Nikaandika M -> F, mshale ule wa kupiga kwa kibodi, kistari kikifuatwa na alama ya "kubwa kuliko", yaani mlango ukifunguka, basi ufunguo ni sahihi. Nyekundu. Chini yake likatokea dokezo: "Fikiri upya kuhusu mwelekeo wa sharti."

Nafasi ya pili nikanakili alama kutoka kwenye maelezo yao wenyewe, nikaandika ¬F → ¬M, yaani ufunguo usipokuwa sahihi mlango haufunguki. Nyekundu, dokezo lile lile. Ya tatu nikaandika ¬M ∨ F: ama mlango haufunguki, ama ufunguo ni sahihi. Nyekundu. Swali likafungwa, na sehemu ya mwisho ya kozi haifunguki mpaka maswali yote yawe ya kijani.

Majibu yote matatu ni sahihi. Hili si la maoni, linapimika. Kauli mbili zina safu nne tu za jedwali la ukweli. M kweli na F kweli: fomula zote tatu zinatoa kweli. M kweli na F uongo, yaani mlango umefunguka kwa ufunguo usio sahihi: zote tatu zinatoa uongo. M uongo na F kweli: kweli. M uongo na F uongo: kweli. Safu kwa safu hazitofautiani hata mara moja. Fomula zikilingana kwenye safu zote, ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa sura tatu, na hilo ndilo wanalolifundisha kwenye somo la pili la kozi hiyo hiyo.

Kilichotokea ni kwamba mashine yao ya kusahihisha haisomi fomula. Inalinganisha herufi kwa herufi na jibu moja lililohifadhiwa, M → F. Mshale wa kibodi ni herufi mbili, mshale wao ni herufi moja, basi kwa mashine hivyo ni vitu viwili tofauti. Kuhusu maana haijui lolote.

Ubaya mkubwa uko kwenye dokezo. Mwanafunzi aliyejibu sawa anaambiwa afikiri upya kuhusu mwelekeo. Afanye nini? Atageuza mshale aandike F → M, na hapo ndipo atakuwa amekosea kweli. Tazama safu ya tatu: ufunguo ni sahihi lakini mlango haufunguki, pengine komeo limefungwa kwa ndani. "Endapo tu" haijaahidi kwamba ufunguo sahihi unatosha, imesema tu kwamba bila huo haiwezekani. F → M inatoa uongo kwenye safu hiyo, M → F inatoa kweli. Kuchanganya mambo haya mawili ni kosa la kwanza ambalo kozi yoyote ya mantiki inapaswa kumtoa mtu, na hapa mashine inamsukuma aliyekwisha kutoka arudi ndani.

Nikaandikia huduma kwa wateja. Nikaweka jedwali zima, nikaweka picha za skrini. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, mstari mmoja: "Tafadhali rejea somo la 3 ujue tofauti ya sharti na sharti lililogeuzwa kabla ya kulaumu mfumo wetu." Hakuna salamu, hakuna jina, wala dalili kwamba mtu alifungua jedwali. Mimi sikugeuza sharti. Niligeuza mshale na kukanusha pande zote mbili, jambo ambalo haliongezi wala halipunguzi maana. Anayejibu malalamiko ya kozi ya mantiki bila kujua tofauti hiyo hafai kumwambia mtu arudie somo.

Na somo la 3 nililirejea. Ndilo somo bora kuliko yote! Wanatumia zoezi la kadi nne alilolibuni mwanasaikolojia Peter Wason mwaka 1966. Mezani kuna kadi E, K, 4 na 7, na kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ugeuze zipi ili ujue kama kanuni imevunjwa? Wengi hugeuza E na 4. Jibu ni E na 7. Ukigeuza 4 hupati kitu, kwa sababu nyuma yake pakiwa na irabu au konsonanti kanuni haivunjiki. Ukigeuza 7 ukakuta irabu, kanuni imevunjika. Kwa nini 7 ni muhimu? Kwa sababu "irabu inaleta shufwa" ni sawasawa na "kisicho shufwa hakina irabu". Hiyo ni ¬F → ¬M yangu, waziwazi, kwenye somo walilonituma nikarejee. Wanafundisha jambo dakika kumi na mbili kwa video nzuri, kisha wanalikataa kwenye jaribio.

Najua kwa nini kozi hizi zinasahihishwa na mashine. Mwaka 2011 kozi ya akili bandia ya Stanford ilipowekwa wazi mtandaoni walijisajili watu zaidi ya laki moja, na hakuna walimu wa kusahihisha kazi zote hizo kwa mkono. Mashine lazima iwepo, sina ugomvi na hilo. Ninachokataa ni kisingizio kwamba haiwezekani kufanya vizuri zaidi. Inawezekana, na jukwaa hili hili limeshafanya kwenye kozi ya Python.

Kule unaambiwa uandike fanksheni inayopokea orodha ya namba na kurudisha wastani. Mashine haiangalii umeandikaje. Inaiita fanksheni yako kwa orodha kadhaa na kupima matokeo. Uzungushe kwa for ukijumlisha moja moja, au uandike sum(orodha) / len(orodha), zote zinapita. Ukisahau orodha tupu, programu inagawanya kwa sifuri na kuanguka, na mashine inakuonyesha orodha iliyokuangusha ni ipi. Wamekumbuka hata desimali. Kwenye Python 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta inahifadhi sehemu kwa mfumo wa namba wa mbili na 0.1 haikai humo kikamilifu. Mashine inayodai usawa kamili ingewaangusha watu wasio na kosa, hivyo wameweka kiwango kidogo cha tofauti kinachovumilika. Huo ni usahihishaji wa mtu anayejali.

Sasa mantiki ni rahisi kuliko hapo. Kauli mbili ni safu 4, tatu ni safu 8, tano ni safu 32. Jaza kweli na uongo kwenye fomula ya mwanafunzi na kwenye jibu lililohifadhiwa, linganisha safu zote, umemaliza. Anayejua kupima fanksheni kwa orodha anajua kupima fomula kwa safu. Wameacha tu.

Kozi ya Kifaransa ina ugonjwa huo huo, ila huko umejificha. Ukiandika l'école kwa simu, kibodi nyingi zinabadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Macho yetu yanaona kitu kimoja, kama vile hakuna anayesoma ng'ombe tofauti kwa sababu ya umbo la ritifaa. Kwa kompyuta, ambayo kila herufi inaijua kwa namba yake, iliyonyooka ni U+0027 na iliyopinda ni U+2019. Herufi é nayo ina njia mbili: herufi moja kamili, U+00E9, au e ya kawaida ikifuatwa na mkwaju unaosimama peke yake, U+0301. Ukinakili neno kutoka kwenye faili ya PDF unaweza kupata ile ya pili, na été yako itapigwa nyekundu huku jibu sahihi lililoonyeshwa chini likifanana nayo kabisa. Nimeona watu wakilalamika kwamba hawaelewi walikosea wapi. Hawakukosea popote. Dawa yake kwa Python ni mstari mmoja, unicodedata.normalize("NFC", jibu), unaounganisha e na mkwaju wake kuwa herufi moja, na mwingine wa kubadilisha ritifaa.

Mpaka warekebishe, ukiingia fanya hivi. Zima alama za uakifishi za kujipinda kwenye simu (kwa iPhone ni Smart Punctuation, ndani ya mipangilio ya kibodi). Zima pia kujisahihisha kwa maneno na herufi kubwa ya kuanzia. Alama za mantiki usizipige kwa kibodi, nakili kutoka kwenye swali lenyewe. Angalia mwisho wa jibu kama kuna nafasi tupu iliyoachwa na kibodi baada ya neno uliloligusa kwenye mapendekezo, maana nayo inahesabiwa kuwa herufi. Piga picha ya skrini kabla ya kubofya kitufe cha kutuma, kwa sababu swali likishafungwa jibu lako halionekani tena. Na ukipata nyekundu, usikimbilie kubadilisha maana. Badilisha kwanza alama ukiacha maana ilivyo. Mimi nilibadilisha na sura ya fomula, nikamaliza nafasi zote.

Kwenye huduma ya kwanza sina la kulaumu, na ndiyo maana nasitasita na nyota hizi. Masomo ya kumbonyeza kifua mtu mzima aliyezimia na asiyepumua yamenyooka: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kiachwe kirudi juu kabisa kabla ya kubonyeza tena, mibonyezo 30 kwa pumzi 2, na usikae zaidi ya sekunde 10 bila kubonyeza. Nyuma ya video kuna mlio unaogonga kwa mwendo huo, unabonyeza mto ukiufuata. Kuna kozi nyingine za bure zimeachwa zioze, na hili ni la kukagua kabla hujajisajili. Ukikuta mibonyezo 15 kwa pumzi 2 kwa mtu mzima, ni ya kabla ya mabadiliko ya 2005. Ukikuta "angalau 100 kwa dakika" bila kikomo cha juu, huo ni mwongozo wa 2010 wa American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani. Kikomo cha 120 waliongeza 2015. Hii iko sawa, na inakwambia wazi kwamba video haitoshi, lazima ujizoeze kwenye mwanasesere wa mafunzo mbele ya mkufunzi. Kwa uaminifu huo peke yake ningetoa nyota tano.

Neno "bure" nalo lisome kwa makini. Kusoma ni jambo moja, kufanya majaribio ni la pili, cheti ni la tatu. Hapa viwili vya kwanza ni bure na cheti kinalipiwa, na wameliandika hilo mwanzoni kabisa, sina kinyongo.

Basi anayetaka huduma ya kwanza au Python aingie leo. Kifaransa, aingie akiwa amezima hizo alama za kibodi. Mantiki, video zitazame zote, majaribio yafanye kwenye karatasi kwa jedwali la ukweli, usiruhusu rangi nyekundu ikuondoe kwenye safu ulizozihesabu mwenyewe.

Nyongeza: swali la 9 limefunguliwa tena, bila maelezo. Nimebandika M → F kwa mshale niliounakili kwao. Kijani. Ni jibu langu la kwanza kabisa, limebadilika mshale tu. Hakuna aliyeandika kuomba radhi, na nilipoingiza makusudi ule mshale wa kibodi kwenye swali la 10, dokezo la mwelekeo wa sharti likatokea tena. Nafuta nyota moja. Imebaki moja, ya huduma ya kwanza.