Tahadhari kwa wanaokwenda kupaka rangi nywele katika saluni za mafunzo

Ndugu zangu, ninaandika tahadhari hii hasa kwa akina dada wanaopanga kwenda kukata na kupaka rangi nywele katika saluni ya mafunzo ya chuo kimoja cha urembo hapa Dar es Salaam, ambacho sikitaji jina kwa kuwa malalamiko yangu bado yako mezani kwa mkuu wake. Tangazo lao linaahidi huduma kwa nusu ya bei ya mtaani, tena chini ya uangalizi wa mwalimu. Bei ni ya kweli, kwani nililipa shilingi 20,000 kwa kazi yote. Mwalimu sikumtia machoni hadi nywele zilipokwisha kuharibika.

Nilitaka mambo mawili tu: ncha zipunguzwe inchi moja, na nywele zipakwe rangi ya kahawia iliyokolea. Binti aliyenipokea alikuwa mpole na mwenye adabu, na sina kinyongo naye, maana yeye yuko pale kujifunza. Nilimweleza kwamba nilikuwa nimeweka dawa ya kunyoosha nywele wiki tatu kabla. Akaandika hivyo kwenye fomu, akanipa niweke saini, kisha akaanza kukoroga blichi, yaani kemikali ya kuondoa rangi ya asili ya nywele.

Mwalimu angekuwepo, kazi ingesimama hapo hapo. Nywele zilizotiwa dawa tayari zimedhoofishwa, na blichi huzidhoofisha zaidi; ndiyo maana msusi mzoefu hujaribu kwanza kwenye kishungi kidogo cha nyuma, akaona kama kinahimili, ndipo aguse kichwa kizima. Tena kahawia iliyokolea kwa kawaida haihitaji blichi hata kidogo. Mbaya zaidi, chupa ya peroksaidi, kimiminika kinachochanganywa na blichi ili ifanye kazi, ilikuwa na namba 40, yaani asilimia 12, nguvu ambayo haifai kuchanganywa na blichi inayogusa ngozi ya kichwa. Hakuna pia aliyenijaribu kwa kupaka rangi kidogo nyuma ya sikio saa 48 kabla, kama pakiti zenyewe za rangi zinavyoelekeza, ili kubaini kama mtu ana mzio.

Baada ya dakika kama kumi kichwa kilianza kuniwaka moto. Nilimwambia, naye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, unaweza kuvumilia kidogo? Mwalimu ametoka, nampigia simu." Simu haikupokelewa. Mwanafunzi mwenzake ndiye aliyeamua nioshwe, na wakati wa kuoshwa niliona shungi la mbele likivutika mkononi mwake kama tambi zilizopikwa zikapitiliza, kisha likakatika. Nilipokaushwa, mashina yalikuwa na rangi ya machungwa iliyoiva, katikati pamebaki weusi wenye wekundu, na ncha zimekauka kama makumbi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba joto la kichwa huharakisha blichi karibu na ngozi, kwa hiyo mashina hupakwa mwisho; binti yule alianza nayo. Ili kuficha zilizokatika, wakanikata upya, upande wa kushoto ukapungua inchi nne na wa kulia mbili.

Kwa hiyo, ukifika saluni yoyote ya mafunzo, usikubali kukaa kwenye kiti kabla ya kuonana ana kwa ana na mwalimu wa zamu, na umwambie yeye mwenyewe, si mwanafunzi peke yake, ni lini uliweka dawa, hina au rangi mara ya mwisho. Akiwa hayupo, ahirisha. Kusukwa au kuoshwa na mwanafunzi hakuna tatizo kubwa, kwani msuko mbaya unafumuliwa jioni ile ile, lakini kemikali hazifumuliwi. Na kichwa kikianza kuwaka, dai kuoshwa papo hapo, usione haya kupaza sauti.

Tunzeni pia risiti na mpige picha kabla ya kuondoka pale. Zangu nimeziambatanisha na barua niliyompelekea mkuu wa chuo, ambaye jibu lake hadi leo ni kwamba nirudi nipakwe rangi nyeusi bure. Nimekataa, kwa sababu bado nina vidonda juu ya sikio la kushoto, na ninachodai ni fedha yangu pamoja na gharama za matibabu.