Nimelipia mafunzo ya gofu, nikakatazwa kujitazama

Naanza na kocha kwa sababu ndiye aliyeniharibia kila kitu. Uwanja huu wa mazoezi una mikeka mizuri, mipira yake haijachakaa, na pa kuegesha gari hapakosekani. Hayo mtajionea. Yangu ni yaliyonipata hivi majuzi, nikiwa nimeshalipia vipindi vyote kwa M-Pesa.

Mpira wangu huondoka sawa, halafu katikati ya safari unakata kulia. Wanaocheza kwa mkono wa kulia wanaujua ugonjwa huu. Kocha alinitazama mara mbili tatu, mikono mfukoni, akatoa hukumu: "Madam, unainua kichwa." Nikapiga tena. "Kichwa, madam." Nikakaza shingo mpaka ikauma. "Bado kichwa." Mikono yangu hakuiangalia. Hakuuliza mpira unaanzia wapi na unapindia wapi, na hilo ndilo swali la kwanza! Mpira huanza safari ukielekea karibu kabisa na kule uso wa fimbo, yaani lile bapa linalopiga mpira, unakotazama unapougusa; kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia inayopita fimbo. Wangu ukianza sawa kisha ukakata kulia, basi fimbo inatokea nje, upande wa mbali na mwili, na kuvutwa kushoto, huku uso wake ukibaki wazi kwa njia hiyo, yaani ukitazama kulia kwake. Kichwa kinaingiaje hapo?

Nikatoa simu. Kijana anayeleta ndoo za mipira, Mungu ambariki, alinisaidia kusimamisha stendi nyuma yangu, upande ulio kinyume na lengo, kimo cha mikono, simu ikitazama sambamba na mstari wa kulengea. Msilipuuze hilo: ikikaa pembeni hata kidogo, njia ya fimbo inaonekana nyingine kabisa na utahangaika kurekebisha kosa usilokuwa nalo. Baadaye akaihamishia mbele ya kifua changu. Tulirekodi kwa picha 240 kwa sekunde. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hakuna jicho la kocha yeyote linaloweza kuona hapo. Hata simu hainasi ule mgusano wenyewe, ila ya kabla na ya baada yalionekana wazi. Kichwa kimetulia mpaka mpira umeshaondoka. Mkono wa kushoto ulioshika fimbo ndio uliogeukia mno upande wa lengo, kiasi kwamba kifundo kimoja tu cha vidole ndicho kinachoonekana kwa juu, na mshiko wa hivyo ndio unaouacha uso wa fimbo wazi.

Nikamwita kwa heshima zote: "Kocha, hebu njoo tuangalie pamoja." Nilitegemea afurahi, kwa sababu kazi yake ilikuwa imerahisishwa. Akaisukuma stendi kwa mguu. Kwa mguu! Akasema hapa kupiga video hakuruhusiwi, na kama nataka kufundishwa na simu niende nyumbani ikanifundishe. Hakuna tangazo lolote la kukataza simu pale, nimetafuta. Na mikeka miwili tu kutoka kwangu kulikuwa na wanaume wanarekodiana, naye alikuwa amewapita akiwaamkia "mkubwa, mkubwa." Dakika zilizobaki za kipindi changu alizimaliza ameegemea nguzo, anachati kwenye simu yake yeye.

Kwenye mashindano ya gofu ya Kenya Open, wachezaji wa kulipwa wakiwa mazoezini husimamisha simu na mashine za kupimia nyuma ya mpira mbele ya umati mzima. Wanaokula kwa gofu wanajitazama, mimi nikatazwe?

Na mimi sikuwa na muda wa kupoteza. Mashindano ya ofisi yako pwani. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali na haupindi sana. Pwani hewa ni nzito, na kosa lile lile litaupeleka mpira kulia zaidi. Kocha anayejua kazi yake angeniambia hilo siku ya kwanza.

Niseme haki: alipoondoka niliugeuza mkono wa kushoto mpaka vifundo viwili vikaonekana, na kabla ndoo haijaisha mpira ulikuwa umeanza kunyooka. Mkeka ule ule, fimbo ile ile namba saba. Kwa hiyo nilipokaa kuandika nilitaka kuwaambia nendeni, lipieni ndoo tu, muombeni yule kijana awashikie simu, na kocha mumpite kama hamkumwona. Nyota tatu.

Lakini nilipita kwa meneja kabla ya kutoka. Nikamweleza yote, na picha nikamwonyesha. Akatabasamu: "Huyo ni kocha mkongwe, dada yangu, mvumilie tu." Nivumilie nini? Pesa ni zangu, na mwili unaorekodiwa ni wangu! Hakutaka hata kujua kama stendi imevunjika. (Imelegea mguu mmoja.)

Hapana, msiende. Nyota moja, na hiyo nimempa yule kijana wa ndoo. Nimeomba nirudishiwe pesa za vipindi vilivyobaki na sijajibiwa mpaka sasa. Wakizirudisha na kumwomba msamaha aliyesukumiwa stendi kwa mguu, nitarudi hapa niongeze nyota. Wakinijibu tena habari za ukongwe, hata hii moja naiondoa.